Jina lako litakaa wapi? Somo la Jumamosi kwa mtafiti kijana wa Goma

"Tuko na maulizo kidogo tu, mama, haitakawia." Kila familia iliyolala chini ya shitingi Bulengo, Kanyaruchinya au Lushagala inajua maneno hayo. Leo maulizo ni juu ya maji, kesho juu ya chakula, wiki ijayo juu ya ubakaji, halafu juu ya shamba lililoachwa Masisi au Rutshuru. Anayeuliza ana simu au tablete mkononi, na kwa kawaida ni mtoto wa hapa hapa: alisoma Goma au Bukavu, anasema Kiswahili na lugha moja au mbili za kijijini, anajua mahali pa kupita wakati mvua imeharibu njia. Anaitwa anketeri. Analipwa kwa siku.

Mama anayejibu anafikiri huyo ndiye mtafiti, na hakosei sana. Ni yeye aliyekaa juu ya kibuyu cha maji kilichopinduliwa, akasikiliza kilio, akajua swali gani la kuruka kwa sababu mume anasikiliza pembeni. Lakini miezi inapita, ripoti inatoka, mara nyingi kwa Kiingereza, na juu yake yako majina ya watu ambao mama huyo hakuwaona hata siku moja. Anketeri yuko ukurasa wa mwisho, ndani ya maneno mawili: "timu ya mashinani".

Asistanti mmoja wa chuo cha juu hapa Goma aliishi hivyo miaka minne. Jina lake halitajwi kwa sababu bado anatafuta kazi kwa watu hao hao. Wazazi wake walikimbia Masisi mwanzo wa 2023 na kufikia Bulengo, kwa hiyo alikuwa anauliza maulizo asubuhi katika kambi ambamo mama yake mwenyewe alikuwa anajibu ya wengine jioni. Alifanya ankete za miradi sita. Alijua kuhesabu nyumba, kupanga sampuli, kutafsiri swali la Kifaransa likaeleweka bila kumuumiza mtu. Ripoti zote sita hazina jina lake.

Hakuna aliyemwibia, kwa maana ya kwenda kushtaki polisi. Alilipwa siku zake, akatia sahihi, akashukuriwa. Kilichotokea ni kwamba kazi ya utafiti ina sheria nyingi ambazo hakuna anayezisema, na yeye alikuwa nje ya mlango zinapozungumzwa. Somo la metodolojia linafundisha nadharia tete, sampuli na namna ya kupanga vitabu mwisho wa memwari. Halifundishi ni lini uulize juu ya jina lako. Halifundishi jinsi ya kumwandikia profesa asiyekujua, wala ufanye nini na karatasi iliyokataliwa, wala mwaliko gani ni wa kukataa. Mwanafunzi wa Louvain au Montpellier anayaokota hayo bila kujua kwamba anasoma: kwenye korido, kwenye kahawa, kwa kusikia promota wake akilalamika juu ya jarida fulani. Hapa profesa mmoja anaongoza kazi za wanafunzi makumi, anafundisha vyuo vitatu katika miji miwili, na akimaliza somo anatafuta pikipiki. Korido ipo, lakini hakuna anayesimama ndani yake.

Aliyemsimamia huyu asistanti si profesa. Ni CT, ngazi ile ya kati, juu ya asistanti na chini ya profesa, mzee aliyefundisha zaidi ya miaka thelathini na ambaye doktora yake haikuisha: vita vya 1996 viliikuta katikati, vya 1998 vikaikuta tena. Anampokea Jumamosi baada ya saa saba, kwenye benchi nje ya maktaba, kwa sababu ndani mara nyingi umeme hakuna. Siku ya kwanza binti alimletea mada yake: wanawake wahami na likelemba, yaani jinsi chama cha kuwekeana pesa kinavyofufuka kambini wakati wanachama wametawanyika na daftari limeungua. Mzee hakuuliza juu ya mada. Aliuliza, "Sasa ule mradi unaofanyia kazi, jina lako litakaa wapi?"

Binti hakuwa na jibu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba hilo ni swali ambalo mtu anaweza kuuliza.

Na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, kuliko umeme na kuliko pesa. Mtoto aliyelelewa vizuri Kivu haulizi mkubwa juu ya malipo wala cheo. Anangoja. Akipewa, anapokea kwa mikono miwili. Mzungu akija na barua ya chuo kikubwa, au profesa akitoka Kinshasa, adabu ile ile inaongezeka mara mbili. Ni adabu nzuri kwenye matanga na kwenye harusi. Mezani pa utafiti inagharimu, kwa sababu upande wa pili unaona ukimya na kuelewa kwamba kijana hana haja.

Mzee hakumwambia aache adabu. Alimwandikisha sentensi kwenye daftari, akamwambia azisome kwa sauti mpaka zisitetemeke. Moja ilikuwa hivi: "Nashukuru kwa kunialika. Kabla ya kuanza, ningeomba tuelewane kwa maandishi ni machapisho gani yatatoka, na mchango wa kila mmoja utatajwa namna gani." Nyingine ilikuwa fupi zaidi: "Ningependa kupata rasimu ya kwanza ili niisahihishe."

Hiyo ya pili inaonekana ndogo, lakini ndiyo ufunguo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya utabibu, inayojulikana kwa herufi ICMJE, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi wa makala: awe amechangia wazo au kukusanya au kuchambua data, awe ameandika au kusahihisha andiko kwa uzito, awe amekubali toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne kwa pamoja. Anketeri anatimiza la kwanza bila shida, halafu anaanguka kwenye la pili kwa sababu hakuna aliyemtumia rasimu. Kumbe kamati hiyo hiyo inasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika yale mengine. Wengi hawajui, na anayejua hana haraka ya kusema. Majarida mengi, hata yasiyo ya utabibu, yanafuata njia hiyo au inayofanana nayo.

Tena kuna mpangilio wa majina, ambao hauandikwi popote kwenye makala yenyewe. Katika sayansi za afya, wa kwanza ni yule aliyebeba kazi kubwa. Wa mwisho ni aliyeongoza, mwenye maabara au mradi. Wa katikati wanagawana kilichobaki. Wachumi wengi wanapanga kwa alfabeti tu. Asiyejua hilo anaweza kufurahi kwa kuwekwa wa tisa kati ya kumi na mbili.

Kumweleza, mzee alitumia mfano ambao kila nyumba ya Beni na Butembo inauelewa: Ebola.

Mwaka 1976, daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, ambako watu walikuwa wanakufa na hakuna aliyejua kwa nini. Alikuwa amemaliza udaktari Lovanium, Kinshasa, mwaka 1969, kisha doktora Ubelgiji. Alichukua damu za wagonjwa bila glavu, akanawa kwa maji na sabuni, akarudi Kinshasa pamoja na mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa. Mtawa alifariki. Damu yake ikasafirishwa ndani ya thermos mpaka Antwerpen, na huko, na katika maabara nyingine za nje, kirusi kikaonekana kwa mara ya kwanza kwenye darubini. Jina la mto Ebola likapewa ugonjwa. Kwa miaka mingi sana, nje ya Kongo, habari ya ugunduzi ilisimuliwa kuanzia thermos ilipofika Ulaya. Mikono iliyochukua damu Yambuku ilibaki nyuma ya hadithi.

Mzee anapenda kusema kwamba Muyembe hakupoteza miaka akilalamika. Labda alilalamika, nani ajuaye, lakini kinachoonekana ni kazi. Mwaka 1995 Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, saba wakaishi. Wataalamu wa nje walitia shaka kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Baadaye, kutoka kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit, ilipatikana antibodi ambayo leo ni dawa inayoitwa Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020. Dawa hiyo ilijaribiwa wapi? Mangina, Beni, Butembo na Katwa, katika mlipuko ule wa 2018 mpaka 2020 uliochukua watu 2,287. Wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo. Kwa dawa mbili kati ya nne, waliokufa walikuwa karibu theluthi moja. Kwa zile nyingine mbili, karibu nusu.

Makala ya jaribio hilo ilitoka 2019 katika jarida kubwa la utabibu la Marekani. Jina la kwanza ni Sabue Mulangu, Mkongomani. La mwisho ni Muyembe. Mzee alichora majina hayo mawili kwenye daftari la binti, moja juu na moja chini, akaacha nafasi katikati. Hakuongeza maelezo, na hayakuhitajika: kati ya thermos na karatasi hiyo ni miaka 43, na ndani ya miaka hiyo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biomedikali, INRB, ililea watu wanaoweza kuandika jina lao juu. Mpox mpya ilipogunduliwa Kamituga, Kivu ya Kusini, makala iliyotoka 2024 katika Nature Medicine ilianza kwa jina la Emmanuel Vakaniaki wa INRB. Mwaka huo huo jarida Nature lilimweka Placide Mbala, wa taasisi hiyo hiyo, kati ya watu kumi wa mwaka katika sayansi. Vizazi vitatu, mmoja anamvuta mwingine.

Mambo mengine ya benchi lile ni madogo, na labda kwa sababu ni madogo hakuna anayeyafundisha. Barua kwa profesa asiyekujua iwe ya mistari kumi, isianze na sifa nyingi, iwe na swali moja analoweza kujibu akiwa kwenye gari. Ukikosa jibu, ngoja wiki mbili, andika tena mara moja bila kulalamika. Daftari la mashinani liwe na tarehe, na nakala yake ikae mahali pengine. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, waliokimbia na simu tu walikuta miezi ya kazi imebaki kwenye kompyuta zilizoporwa. Jiandikishe ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo ni ya bure na inakufuata maisha yote, maana hapa jina moja linaandikwa namna tatu: kwenye diplome, kwenye kadi ya uchaguzi na kwenye barua ya kazi, na kompyuta ya jarida inafikiri ni watu watatu.

Halafu majarida ya uongo. Siku moja binti alifika benchini akicheka peke yake: jarida la "kimataifa" lilikuwa limemwandikia, likamwita profesa mashuhuri, likaahidi kuchapisha kazi yake ndani ya siku tano kwa dola 150. Yeye alikuwa ameshaanza kukusanya pesa hizo, na sehemu ilikuwa ya likelemba. Mzee alimuuliza maswali mawili tu. Nani atasoma kazi kabla haijakubaliwa? Jarida hilo liko kwenye orodha ya DOAJ, inayochuja majarida ya wazi yanayoaminika? Jibu la kwanza lilikuwa hakuna, la pili hapana. Pesa ilirudi kwenye likelemba. Si kila jarida linaloomba malipo ni la uongo, yapo mazuri yanayolipisha, na mengi kati ya hayo yanasamehe waandishi wa nchi kama Kongo. Lakini msamaha huo mara nyingi unaombwa kabla ya kutuma kazi au wakati wa kuituma, na hiyo nayo ni sheria isiyosemwa.

Makala yake ya likelemba aliituma kwenye jarida la kweli. Baada ya miezi mitano jibu likaja na kurasa tatu za makosa kutoka kwa wasomaji wawili wasiojulikana. Mmoja alisema hoja haiko wazi. Wa pili alitaka kujua kama mwandishi aliwahi kufika kambini kabisa. Binti, ambaye mama yake alikuwa analala humo, alifunga simu na hakuifungua siku mbili.

Mzee alisoma kurasa hizo kwa furaha kubwa. "Mtoto yangu, mtu asiyekutaka hawezi kukuandikia kurasa tatu. Angekuandikia mistari miwili." Kisha wakagawa karatasi katika safu mbili: kushoto kila neno la msomaji, kulia jibu na mahali ambapo andiko limebadilishwa. Hata kwa lile swali la kambini jibu lilianza na shukrani. Chini yake aliongeza aya moja juu ya yeye ni nani na alikuwa wapi, na hiyo aya ikawa bora kuliko zote katika makala. Ajabu ni kwamba alikuwa ameificha mwenyewe kwa kufikiri kwamba mtafiti wa kweli hawi mhami.

Isidhaniwe kwamba kila mkubwa yuko hivyo. Wako wanaomchukua asistanti kama mbeba mkoba: anasahihisha mitihani, anaandika makala, jina la mkubwa linakaa juu na la asistanti linasahauliwa, na mtu akiuliza anaambiwa ndivyo na wao walivyopita. Hiyo si malezi. Ni kodi. Na huyu CT mwenyewe ana mipaka yake, anaisema bila aibu: Kiingereza chake ni cha kusoma tu, programu mpya za takwimu hazijui. Kwa hayo alimsukuma kwenye AuthorAID, mradi ulioanza 2007 ambao ulikuwa unaunganisha watafiti vijana wa nchi maskini na walezi wa mbali, bila malipo. Binti akapata mama mmoja wa nchi nyingine anayemsahihishia Kiingereza kila mwezi. Walezi wawili kwa mtu mmoja hawagombani. Anayekataza mwanafunzi wake kuuliza kwingine analinda kitu kingine, si mwanafunzi.

Somo moja mzee alilitoa akiwa amesimama. Machi 2017, wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai walipokuwa wanachunguza mauaji. Dunia ilisikia majina hayo mawili. Mkalimani wao Mkongomani, Betu Tshintela, alikuwa pamoja nao, na madereva wa pikipiki pia, na ni wachache wanaoweza kuwataja. "Ukisikia njia ni mbaya, sema hapana hata kama wao wanasema ndiyo," alimwambia. "Na uulize kabla: nikiumia, nani atalipa hospitali?" Tangu hapo swali hilo liko kwenye daftari, chini ya lile la jina. Mara mbili mradi umejibu vizuri na kuliandika kwenye mkataba. Mara moja hawakumpigia tena.

Upande wa wanaojibu maulizo, yaani familia zenyewe, deni ni la namna nyingine. Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji waliandika sana juu ya mambo haya, katika mfululizo wa maandiko uliokuwa kitabu mwaka 2020 kwa jina la Bukavu Series: jinsi utafiti wa Kivu unavyolipwa, nani anaonekana na nani anafichwa. Lakini mama wa kambini hakuhitaji kitabu. Alishasema kwa maneno yake: "Munakuyaka kila siku kutuuliza. Ile majibu inaendaka wapi?" Binti aliulizwa hivyo na jirani wa mama yake, mbele ya watu, na hakupata pa kujificha.

Kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa Februari 2025. Wanawake wa likelemba wametawanyika: wengine walirudi Masisi, wengine wamepanga chumba Ndosho, wengine simu zao hazipiti tena. Majina yao hayawezi kuandikwa kwenye makala, kwa usalama wao, na hilo walikubaliana tangu mwanzo. Kinachowezekana ni kuwarudishia walichosema. Binti ameandika kurasa mbili kwa Kiswahili, bila namba nyingi: nani alishika daftari, pesa zilifichwa wapi usiku wa kukimbia, kwa nini vikundi vilivyojengwa na majirani wapya wa kambini vilidumu kuliko vile vya kijiji kimoja. Amewasomea kumi na wanne kwa simu mpaka sasa. Watatu walimsahihisha juu ya jambo moja, zamu ya mjane inapangwaje, na ilibidi abadilishe makala yenyewe.

Toleo hilo la pili liko mezani. Jina lake ni la kwanza, na CT alikataa kuwekwa la pili, akisema hakuandika hata sentensi moja. Yuko kwenye shukrani, pamoja na motari aliyempeleka Bulengo miezi yote ile. Jarida linangoja majibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wanawake waliobaki kupigiwa simu ni tisa.